Mvua ya mbali ndiyo inayoua

Makala yenu inasema anayeshuka kwa miguu kwenye korongo kavu hadi mto Colorado, Arizona, abebe maji ya kutosha na aanze alfajiri. Sawa, ila mbona mafuriko mmeyapa mstari mmoja tu? Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope Canyon, korongo jembamba la huko huko Arizona, na mvua iliyowasomba ilinyesha mbali huko juu. Septemba 2019 wengine 7 walisombwa kwenye korongo la Hell's Gate, Kenya. Sisi wa Dar tunaielewa hii: mvua inapiga Pugu na Kisarawe, mto Msimbazi unafurika, Jangwani hapapitiki hata kama kwako Kigogo hujaona tone. Kwa hiyo angalia utabiri wa kule maji yanakotokea. Ukisikia mngurumo, au kijito kikageuka tope ghafla, panda ukingoni papo hapo, begi liache. Kushindana mbio na maji ni kujidanganya.

Halafu mnashauri mtu aogelee mtoni ili apoe, jamani! Maji yale hutoka kwenye kina cha bwawa la Glen Canyon, juu zaidi mtoni, ni baridi na yana kasi. Lowesha kofia na shati, basi. Na ule vitu vya chumvi kufidia jasho, karanga zinafaa sana.