Kabla hujahamia kwako, mfikirie anayesoma

Juzi alfajiri nilikuwa kituoni Tegeta Nyuki, hapa Dar, saa kumi na moja bado haijafika, nikamkuta binti wa sekondari kakaa juu ya begi lake, kichwa kwenye magoti, kasinzia. Daladala ya kwanza ikaja, konda akajaza watu wazima akagonga bodi wakaondoka. Ya pili hivyohivyo, maana mwanafunzi analipa mia mbili na konda anataka nauli kamili. Ya tatu ndo akapenya, kasimama mlangoni kakumbatia begi. Nilikuwa nimeshamuuliza anatokea wapi, akanambia Madale, ndani ndani huko, kapanda bodaboda kwanza. Shule yake iko Kinondoni. "Tulikuwa tumepanga kule, baba akajenga."

Hilo neno limenikaa moyoni mpaka leo.

Yaani huyu mtoto alimaliza la saba Kinondoni akapangiwa sekondari kulekule, maana hizi za kutwa unapangiwa kwa kufuata shule ya msingi uliyomalizia, halafu familia ikahamia kwao. Uhamisho sio kitu cha kuamka tu ukapata, lazima huko unakotaka kwenda wakubali kwamba nafasi ipo, barua ipite kwa mkuu wa shule na maafisa elimu, na mwaka unakatika mtoto bado yuko barabarani.

Najua kujenga ni heshima. Najua kodi ya miezi sita kwa mkupuo inavyouma, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja yake. Simlaumu baba wa watu. Ila jamani tunahesabu mifuko ya saruji, tunahesabu bati, saa za mtoto hatuhesabu! Anaamka saa kumi, anarudi saa moja usiku, aoge, ale, afue shati, hiyo hesabu ya logarithimu ataifanya saa ngapi? Halafu matokeo ya NECTA yakitoka anaambiwa mzembe. Na wa kike ndo naogopa zaidi, giza lile la alfajiri, nauli hana, bodaboda anamwambia panda tu mdogo wangu utanilipa siku nyingine. Tunajua wote hiyo siku nyingine inadaiwa nini.

Wengine wanakimbiza jina la shule. Wanafungua matokeo wanahesabu divisheni wani, wanataka mtoto asome mjini hata kama wanalala Bunju, pembezoni kabisa. Sawa, shule zinatofautiana, kuna za kata hazina mwalimu wa fizikia na hilo sibishi. Lakini mimi nasema shule ya kawaida anayofika kwa mguu dakika kumi na tano inamfaa kuliko yenye jina anayoingia kachoka, kipindi cha kwanza kimeshapita.

Ada imefutwa tangu 2016 na tunashukuru sana, ila umbali nao ni ada na unalipwa na mtoto. Serikali inazidi kujenga, ni kweli, ila huku pembezoni watu wanahamia kwa kasi kuliko madarasa.

Kwa hiyo kama mwanao yuko la nne au la tano, huu ndo muda. Nenda mtaa unaoutaka siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, simama barabarani uwaone wanafunzi wanatembea au wanagombania gari. Waulize kina mama wa maandazi, wanajua shule gani watoto wanapitiliza na ipi wanaingia. Kama unahama hama sasa, akishasajiliwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi umechelewa.

Sisi msingi wa nyumba yetu uko Madale hukohuko, umeota majani. Mama mkwe kila akija anauliza, mwanangu mtahamia lini? Juzi nimemjibu, mama, mpaka mjukuu wako amalize kidato cha nne. Alinyamaza kidogo, akasema haya. Mkataba wetu hapa Sinza unaisha mwezi wa kumi na mbili, na mwenye nyumba nimeshamwambia tunaendelea.