Somo la Taka Lianzie kwa Fundi

Katika shule nyingi za Kenya, kuokota taka ni adhabu. Anayechelewa gwaride huokota karatasi uwanjani, na anayepiga kelele darasani hupelekwa kufagia karibu na shimo la taka. Siku ya mazingira inapowadia, mwanafunzi yuleyule huambiwa kwamba taka ni mali. Sishangai asiposadiki.

Uchumi wa mzunguko, yaani ule ambao kitu kilichotumika hurudishwa kazini badala ya kutupwa, hufundishwa kama jambo geni lililoletwa na wafadhili, ilhali mtoto wa bweni huenda alifika shuleni na sanduku lililotoka kwa mafundi wa jua kali, yaani mafundi wadogo wa karakana za mitaani. Kule Kamukunji, Nairobi, fundi huchukua pipa kuukuu la mafuta, akalipasua kwa patasi, akaligonga kwa nyundo hadi likawa bapa, kisha akalikata na kulikunja liwe karai au jiko. Vipande vinavyobaki havitupwi, kwa kuwa amevinunua kwa fedha yake: vingine huwa mishikio, na visivyofaa kabisa humngoja mnunuzi wa vyuma chakavu anayepima kwa kilo. Sijaona kitabu cha shule kinachoeleza jambo hili vizuri zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kumpeleka kijana kwa fundi ili amsifu tu hakutoshi. Ni lazima ajifunze kuuliza pipa lile lilibeba nini kabla ya kufika pale, na hilo ni swali la kemia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kingeweza kabisa kutajwa kitabuni kuwa mfano mwema wa urejelezaji. Kwa wakazi kilikuwa sumu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa maoni yangu, kijana asiyeijua kesi hiyo hajafundishwa urejelezaji, hata kama amepanda miti mia.

Kuna pia suala la bei, ambalo walimu hulikwepa. Pakiti ndogo zenye tabaka za plastiki na alumini hazina mnunuzi wa maana, hata mwanafunzi azitenganishe kwa bidii namna gani. Mzigo huo si wake peke yake, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inampa mzalishaji wajibu juu ya bidhaa na vifungashio vyake hata baada ya kuviuza. Wanafunzi tayari hufundishwa kuandika barua rasmi, mara nyingi kwa mkurugenzi wa kubuniwa tu wa kampuni isiyokuwepo. Barua hizo ziandikwe kwa kampuni ambazo pakiti zake zimejaa katika mtaro ulio nje ya lango la shule, kisha zitumwe kweli.