Somo Hayupo Tena, na Mzazi Amebaki Kimya

Katika mila za pwani yetu, mama hakuwa mtu wa kumweleza binti yake mambo ya mwili. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mtu mzima aliyeaminiwa na familia, ambaye alimfunda usafi, hedhi na baadaye mambo ya unyumba, huku mama akijiweka kando kwa haya iliyohesabiwa kuwa heshima. Mvulana naye alifundwa jandoni. Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro, kwa kuwa mengi yalimwandaa binti kwa ajili ya mume kuliko kwa ajili ya afya yake mwenyewe, lakini kila mtoto alikuwa na mtu aliyepewa dhamana ya kusema naye.

Familia nyingi sasa zinaishi mijini, na huku somo huitwa harusi inapokaribia tu. Haya ya mama zetu tumeirithi, lakini kazi ya somo hakuna aliyeipokea. Siamini kwamba wazazi wenzangu wananyamaza kwa kutojali. Wananyamaza kwa sababu walilelewa wakijua kwamba kazi hii ni ya mtu mwingine. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito.

Kwangu mimi mlango ulifunguliwa na chanjo. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu, akiwa na miaka 11, aliniuliza tukichambua mchicha: “Mama, ile sindano ya shuleni ni ya nini?” Nilimjibu kwamba ni ya kuzuia saratani, nikabadilisha mazungumzo. Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Kesho yake nilimweleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba chanjo hukinga vizuri zaidi mtu akiipata kabla hajaanza mambo hayo. Alinisikiliza, kisha akauliza kama damu ya hedhi ndiyo dalili ya saratani hiyo. Mtoto alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake, nami nilidhani ninamlinda.

Wapo wanaosema kwamba kuzungumza ni kuwafumbua watoto macho mapema. Nawaelewa, lakini mapitio ya tafiti yaliyo katika mwongozo wa UNESCO wa 2018 hayakuona kwamba elimu hii huwaharakisha vijana kuanza ngono.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba tulimtazama binti tu. Kaka yake wa miaka 16 hakuwahi kuelezwa kwamba hata msichana wa rika lake akikubali, sheria ya Tanzania kwa ujumla haiutambui ukubali wa aliye chini ya miaka 18. Baba yake alimweleza hayo Jumamosi moja wakitengeneza banda la kuku, kila mmoja macho yake yakiwa kwenye misumari, na wakamaliza banda lile jioni wakiwa bado wanazungumza.