Mbwa mwitu na aishi

Mwanafunzi wa Italia akienda kufanya mtihani, wenzake humwambia "In bocca al lupo": uingie kinywani mwa mbwa mwitu. Ndiyo dua yao ya kheri, na jibu lililozoeleka ni "Crepi", afe huyo mnyama. Siku hizi wapo Waitaliano wanaokataa kujibu hivyo. Wao husema "Viva il lupo", na aishi. Mimi niko upande wao bila kusitasita.

Ulaya nzima imemsema vibaya mbwa mwitu. Warumi walisema binadamu kwa mwenzake ni mbwa mwitu. Wafaransa husema ukimtaja, utauona mkia wake. Warusi humwambia mwoga: kama unaogopa mbwa mwitu, usiende msituni. Nasi tumemtenda fisi vivyo hivyo; tukitaka kusema mlafi kapewa cheo, tunasema fisi kakabidhiwa bucha.

Methali hizo hazikuzuka hewani. Mchungaji aliyeamka akakuta kondoo wake wameraruliwa koo alikuwa na haki ya kulaani. Kinachoniuma ni kwamba mnyama aliisha, laana ikabaki. Uingereza ilimmaliza kuelekea mwisho wa Zama za Kati; Ufaransa alitoweka kufikia miaka ya 1930. Watoto wakaendelea kurithi hofu ya kiumbe ambacho hata wazazi wao hawakukiona. Italia ilipoanza kumlinda kisheria mwaka 1971, walikuwa wamebaki kama 100 tu, wengi katika milima ya Apennini. Mwaka 1992 wakaonekana tena Ufaransa, huko Mercantour, wamekuja kwa miguu yao kutoka Italia. Mwaka 2000 wakazaa porini Ujerumani, katika jimbo la Saxony.

Wamerudi wakakuta hukumu imeshatolewa. Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern, ule wa kulinda wanyama na mimea ya porini Ulaya, zilipiga kura kumshusha daraja la ulinzi. Wafugaji wana hoja ya kweli, maana hasara ni yao. Lakini katika mabishano haya hoja yao humezwa upesi na hadithi za mnyama mla watoto, na hapo hakuna anayeuliza tena zizi lilikuwaje usiku ule.

Wachungaji wa Abruzzo, eneo la milima nchini Italia ambako mbwa mwitu hakuwahi kutoweka, wangeulizwa kwanza. Wana mbwa wakubwa weupe wanaolelewa na kondoo tangu wakiwa vitoto, hadi wanalihesabu kundi kuwa jamaa zao. Shingoni huvalishwa kola ya chuma yenye miiba mirefu iliyochomoza nje, kwa sababu mbwa mwitu hulenga koo. Kondoo hawalali nje bila mlinzi. Hata hivyo wengine huuawa, na serikali imlipe mwenye mali mapema, bila kumzungusha. Fedha ziende huko: kwenye mbwa, mazizi imara na fidia. Bunduki iwe ya mwisho, tena kwa yule tu aliyezoea kuvunja zizi.