Tarehe 14 Oktoba Imejaa, Sina pa Kukaa

Jamani, kama kuna mtu anauza tarehe ya kuzaliwa, hata iwe ya mtumba, anitafute soko la Majengo, baraza la mafundi cherehani. Nalipa kidogokidogo.

Yangu ni 14 Oktoba. Nilizaliwa 1974, watu wanahamishwa na Operesheni Vijiji, vumbi juu ya vumbi, na katikati ya zogo lote hilo nesi wa hospitali ya misheni akapata utulivu wa kuandika siku kamili kwenye kadi. Nani alimtuma? Wenzangu wa rika langu wengi hawana tatizo hili. Wazazi walikumbuka mwaka tu, basi karani akawapa wote 1 Januari na kila mmoja akaenda zake. Bibi yangu ndiye alifaidi kuliko wote: yeye alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya baina ya 1917 na 1920. Ukimuuliza tarehe anakutazama kama umemuuliza namba ya pasipoti. Njaa moja ilitosha kijiji kizima.

Zamani 14 Oktoba haikuwa na kelele. Ikaja 1999. Natimiza miaka 25, nimealika mafundi wenzangu, nimefunga beberu mlangoni, soda zimo kwenye beseni la maji. Alhamisi asubuhi redio inabadilika sauti. Rais Mkapa anatangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Niambieni, wewe ungefanya nini? Nilikaa chini nikalia kama Watanzania wengine. Wageni wangu nao wakaja vilevile, ila wanawake wamejifunga kanga kiunoni na wanaume wameshika tama. Beberu akachinjwa, akaliwa kimyakimya kama chakula cha matanga. Hakuna aliyenipa hongera hata mmoja. Wawili walinipa pole, na mmoja aliacha rambirambi, nikaipokea.

Tangu hapo siku yangu ni sikukuu ya taifa. Mbio za Mwenge zinafika kileleni siku hiyohiyo. Nikigusia tu habari ya kuku, mama watoto ananijibu: "Baba watoto, nchi nzima inamkumbuka Baba wa Taifa, wewe unataka pilau?" Namjibu nini? Tena kwa mtu wa Dodoma ubishi huo ni mgumu zaidi, maana ni enzi za Mzee huyohuyo, 1973, ndipo TANU ilipoamua makao makuu yahamie huku. Kweli serikali ilikaa njiani hadi 2016 ndipo ikahamia kwa vitendo, lakini ilipofika ilifika na kodi zake za pango. Baraza nililokuwa nalipia kwa hela ya kupunguza suruali, sasa mwenye nyumba anaongea kama ana ghorofa Kariakoo.

Haya, hayo nilikwisha kuyazoea. Balaa jipya ni kijana ninayemfundisha kazi. Ana simu, na kila asubuhi, badala ya kuwasha pasi, anasoma yaliyotokea "siku kama ya leo". Mwaka jana ikafika zamu yangu. "Fundi! Unajua umezaliwa siku moja na Mobutu?"

Mimi na Mobutu! Ni kweli, 14 Oktoba 1930, huko Lisala. Na kati ya viongozi wote duniani, napewa yule aliyepiga marufuku suti na tai kwa watu wake, akawavalisha abacost, kile kikoti kisichohitaji tai. Kwa fundi wa suti hiyo ni sawa na mchungaji kuambiwa pacha wake ni mwizi wa sadaka. Kijana akaona nimenuna, akaniongezea Eisenhower, rais wa Marekani, wa 1890. Asante, lakini naye alikulia jeshini. Wale magwanda wanagawiwa bure.

Akaendelea. 1964, siku moja hiyo, Khrushchev anavuliwa uongozi Moscow na Martin Luther King anatangaziwa tuzo ya Nobeli. 1947, Yeager, rubani wa Marekani, anaipita kasi ya sauti kwa ndege, mbavu mbili zimevunjika kwa kuanguka na farasi, na mlango wa ndege kaufunga kwa kipande cha mpini wa ufagio. Huyo nilimpenda. Huyo ni fundi mwenzetu.

Lakini lililonichoma ni la 1912. Theodore Roosevelt yuko Milwaukee, anataka kurudi urais, anatoka hotelini kwenda kuhutubia, mtu anampiga risasi ya kifua. Risasi inapita kwenye kasha la chuma la miwani na hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa, vyote vimo mfukoni mwa koti. Ikapungua nguvu, ikamwingia bila kumuua. Na jamaa akapanda jukwaani akahutubia zaidi ya saa nzima huku anavuja damu! Sisi tunaoishi na Bunge hilo la kuendelea kuongea halikutushangaza. Swali langu ni moja: ule mfuko alishona nani? Dunia imesifu miwani, imesifu karatasi, imesifu kifua cha mgombea. Hotuba ya kurasa 50 ikunjwe, iwekwe mfukoni pamoja na chuma, na mfuko usichanike, na usining'inie kama masikio ya mbuzi? Hiyo ni kazi ya mtu. Jina lake hakuna anayelitaja. Mimi hapa mteja akiweka simu na leso tu mfukoni, mshono unaachia, anarudi kunitukana mbele ya watu.

Ukirudi nyuma zaidi ni yaleyale. 1066, vita vya Hastings, mfalme Harold anauawa, William wa Normandia anachukua Uingereza. Habari hiyo ilitariziwa kwa sindano na nyuzi za sufu kwenye kitambaa kirefu, karibu mita 70, farasi, mashua, majeruhi, kila kitu. Mita sabini! Wafalme wote wawili tunawajua. Walioinama juu ya kitambaa mpaka shingo zikakakamaa, tuseme walikuwa nani? Tena sina shaka walidaiwa kazi iishe Ijumaa. Hata 2012, Felix Baumgartner aliporuka kwa parachuti kutoka karibu kilomita 39 juu ya ardhi, picha zote ni yeye. Kule juu bila ile nguo yake ya kubana hewa angekuwa marehemu kabla hajaruka. Nguo hiyo ilipimwa, ikakatwa, ikaunganishwa. Kimya.

Nikamwambia kijana, basi nihamishe, nipe hata siku moja nyuma. Akapekua. "13 Oktoba, Fundi, kuna Margaret Thatcher, 1925." Nikasema sogeza mbele. "15 Oktoba wamemuua Thomas Sankara, rais wa Burkina Faso, 1987." Nikatulia. Sankara angalau alitaka watumishi wavae pamba iliyofumwa kwao. Lakini nikileta msiba mwingine kwenye nyumba ile, mama watoto atanifukuza.

Basi nikawa bado nawaza, akatokea mteja. Anataka mashati kwa ajili ya maadhimisho ya Siku ya Nyerere, ya kikundi kizima, na ayachukue kesho yake kabla jua halijawaka. Advansi? Atatuma. Vipimo? "Fundi, wewe kadiria tu, watu wa kawaida." Kitambaa chenyewe kinapungua mita nzima.

Nikamtazama kijana, bado yuko 1582, eti Italia na Hispania 14 Oktoba ya mwaka huo haikuwepo kabisa, Papa alizikata siku kumi ili kurekebisha kalenda. Hapo ndipo nikamwambia asome tena, taratibu, na atafute kama Papa aliyepo anapokea maombi.