Chipu Ibebe Pakiti, Lakini Tuzione

Likija suala la kununua lodi balansa mpya, yaani mashine inayogawa trafiki ya wateja kwa seva kadhaa, wengi wetu tunaofanya kazi za mitandao huanza kwa kuuliza kama ina chipu ya kuharakisha trafiki. Mimi naona swali hilo lingesubiri. Kwanza tuulize: pakiti, yaani vipande vya data, zikishaanza kupita kwenye chipu, tutazionaje?

Chipu yenyewe siipingi, maana hesabu haibishaniki. Laini ya gigabiti 10 ikijaa pakiti ndogo za baiti 64 hupitisha pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Kila pakiti inapata nanosekunde 67 tu. Prosesa ikienda kusoma kitu RAM mara moja, muda wote huo unaweza kuishia hapo hapo. Kwenye gigabiti 100 zinabaki nanosekunde zisizofika 7.

Ndiyo sababu kampuni ya F5 wakaweka FPGA, chipu inayoweza kupangwa upya, ndani ya lodi balansa zao za BIG-IP, mfumo wanaouita ePVA. Pakiti ya kwanza hupanda hadi kwenye prosesa, seva ya nyuma inachaguliwa, kisha maelezo ya mawasiliano hayo yanaandikwa kwenye jedwali la chipu. Zinazofuata hubadilishiwa anwani na kusukumwa mbele na chipu, prosesa isiguse kitu.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Mteja anapiga simu saa nane usiku, faili zinakwama katikati. Unafungua tcpdump, programu ya kutazama pakiti, kwenye BIG-IP: salamu za mwanzo za TCP, zile za kufungua mawasiliano, unaziona, halafu kimya. Data inapita, ila haipiti unapoangalia. Inabidi uzime uharakishaji kwenye huduma hiyo ndipo uone kitu, na ukishauzima mazingira si yale yaliyoleta tatizo. Linux nayo ni hivyo hivyo. Ukitumia flowtable, jedwali la njia ya mkato katika nftables (mfumo wa Linux wa kuchuja pakiti), yenye `flags offload`, amri ya `conntrack -L`, inayoorodhesha mawasiliano, itakuonyesha [HW_OFFLOAD] na utajua mawasiliano yamehamia kwenye kadi ya mtandao, lakini usipoongeza neno `counter` kwenye flowtable hiyo, hesabu za pakiti na baiti hazirudi kwenye conntrack. Neno moja tu hilo, na nadhani kila anayewasha uharakishaji angeliandika siku hiyo hiyo.

Isitoshe, faida ya chipu iko tabaka la 4, yaani kwenye anwani na namba za bandari tu. Kama lodi balansa yako inafungua usimbaji wa TLS na kusoma vichwa vya HTTP ili ichague seva, kila pakiti lazima ipande juu, na jedwali la chipu halikusaidii.

Tusisahau pia kwamba programu peke yake inafika mbali. Google wanatumia lodi balansa yao ya programu, Maglev, tangu 2008 kwenye seva za kawaida, na mwaka 2018 Facebook walitoa hadharani ya kwao, Katran, inayosimama juu ya XDP, njia ya kushughulikia pakiti mapema ndani ya Linux. Kampuni zenye trafiki kubwa kiasi hicho zilitosheka na seva. Sisi wenye laini ya gigabiti moja au mbili tunakimbilia wapi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni kuwasha uharakishaji kwa huduma moja moja, baada ya kupima pakiti kwa sekunde, si megabiti. Na muuzaji akija na mashine yake, nitamwomba achague koneksheni moja iliyokwisha kuhamia kwenye chipu, anionyeshe pakiti zake zikihesabiwa hapo hapo, bila kuzima chochote.