Ukikataa Noti Yangu, Unaivunja Bajeti Yangu

Jumamosi iliyopita, nikitoka zamu ya usiku, niliingia katika duka la mikate lililo karibu na kituo ninachoshukia basi, na mbele yangu alikuwepo bibi mmoja aliyeomba mkate mdogo na kuanza kuhesabu sarafu zake juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, hadi zikatimia. Kijana wa kaunta akamwonyesha kwa kidole kibandiko kilichokuwa pembeni ya mashine: kadi tu, taslimu hatupokei. Bibi alizikusanya sarafu zake, akazirudisha katika pochi yenye zipu, akatoka bila mkate. Niliwaza kumlipia, lakini nilipofika mlangoni alikuwa ameshavuka barabara. Nilikuwa na noti ya pauni 10 mkononi, nami pia nikaondoka nayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungumza jambo hili kazini na kwa jamaa, na karibu kila mtu hunijibu kwamba wazee watazoea. Jibu hilo linaniudhi sana, kwa sababu linamchukulia anayelipa taslimu kuwa ni mtu aliyeshindwa kujifunza. Mimi nina kadi, nina simu inayolipa kwa kugusa, na najua kuzitumia zote mbili. Nalipa taslimu kwa kuwa niliifuata njia ile nyingine kwa miaka minne hapa London, na kwa miaka yote minne mshahara uliisha kabla ya mwezi.

Siku niliyoamua kubadilika nilikaa mezani na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, nikachukua kalamu nyekundu na kuweka alama kila mahali nilipogusa kadi. Zilikuwa alama 94. Kodi ya nyumba niliikumbuka, umeme niliukumbuka, fedha nilizotuma Tanga nilizikumbuka hadi saa niliyozituma. Lakini palikuwa na pauni 3 na peni 40 hapa, pauni 6 pale, pauni 2 na peni 15 mara mbili kwa siku moja katika duka lile lile, na zaidi ya nusu ya hizo sikuweza kusema nilinunua nini. Jumla yake ilikaribia pauni 400. Sikuwa nimenunua anasa yoyote. Nilikuwa natoka zamu, nimechoka, nagusa, napita.

Mguso huo ndio ninaoulalamikia. Kadi hizi zilipoingia Uingereza mwaka 2007, kikomo cha kulipa bila namba ya siri kilikuwa pauni 10. Kikapanda hadi pauni 15 mwaka 2010, 20 mwaka 2012, 30 mwaka 2015, 45 mwezi Aprili 2020 wakati wa korona, na Oktoba 2021 kikafika pauni 100. Anayelipa kwa simu hata hicho hakimzuii. Sababu iliyotajwa kila mara ilikuwa urahisi, na sikatai kwamba ni urahisi wa kweli. Lakini zile sekunde chache za kubonyeza tarakimu nne zilikuwa na kazi yake, maana hapo ndipo mtu alipolazimika kusimama, kuitazama bei na kukubali kwa vidole vyake kwamba anatoa kiasi hicho. Sasa tunanyoosha mkono kabla hata macho hayajafika kwenye kioo cha mashine. Mwaka 2001 watafiti wawili wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu, ambamo walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei zilizofika hata maradufu ya walizotaja wale wa taslimu. Ile ilikuwa kadi ya mkopo na yangu hukata fedha zangu mwenyewe, kwa hiyo sisemi kwamba mambo hayo mawili yanalingana kwa kila kitu. Ila niliposoma habari hiyo nilizikumbuka zile alama 94.

Halafu kuna hili, ambalo kila anayepanga maisha yake kwa pauni chache analijua: salio unaloliona kwenye simu si lazima liwe lako. Nauli za basi na treni hapa London hujumlishwa kwa siku nzima na kukatwa baadaye. Mtu anaamka, anaona ana pauni 31, ananunua chakula cha pauni 30 kwa moyo mmoja, kisha nauli ya jana inamfikia akiwa hana kitu. Noti iliyo mkononi haina deni la jana.

Mama yangu aliuza maandazi Ngamiani, kule Tanga, kwa miaka mingi, na juu ya kabati lake palikuwa na makopo mawili, kopo la biashara na kopo la nyumbani. Fedha za unga, mafuta na sukari zilirudi katika kopo la kwanza kabla hajavua hata khanga ya kazi, na siku ambayo kopo la nyumbani lilikuwa tupu, ukimwomba fedha za daftari alikujibu kwamba mtaji hauliwi, ungoje kesho. Tulilia, na tulingoja. Hakuandika hesabu popote, kwa sababu makopo yenyewe yalikuwa hesabu. Hadi leo nikimtumia fedha kwa simu huenda kwa wakala siku hiyo hiyo na kuzitoa zote, akikatwa ada ya kutolea, jambo ambalo nilimgombeza nalo kwa muda mrefu. Alinijibu, "Zikikaa humo zinachanganyika, mwanangu." Nilikuwa nimesoma makala nyingi za kupanga bajeti, na hakuna hata moja iliyonieleza tatizo langu kwa ufupi namna hiyo. Katika kadi, fedha za chakula, za nauli, za msiba wa jamaa na za viatu vya mtoto ni tarakimu moja, na anayekuja wa kwanza hula ya mwenzake.

Kwa hiyo kila Ijumaa natoa pauni 75 kwenye mashine na kuzigawa katika bahasha tatu: 45 za chakula, 20 za matumizi madogo, 10 za michango, maana wenzangu mnajua kwamba hapa haipiti wiki bila harusi au msiba. Chakula nanunua soko la Walthamstow, ambako bakuli la nyanya au la pilipili hoho huuzwa kwa pauni 1, na mwenye meza huzimimina nyanya katika mfuko na kuipokea sarafu kwa mkono ule ule. Nikifika pale na noti ya pauni 10, nayajua mabakuli yangu kabla sijayaona. Jumatano jioni bahasha ya chakula huwa imekonda, na wiki iliyopita ilikuwa na pauni 4 na peni 60, basi tukala dengu na spinachi hadi Ijumaa na hatukudaiwa na mtu. Jambo hilo ni dogo kulisimulia, lakini usiku ule nililala bila ile hofu ya kufungua programu ya benki, na hofu ile ilikuwa imekaa na mimi miaka minne.

Yapo ninayoyakubali, ingawa kwa shingo upande. Mabasi ya London yaliacha kupokea taslimu Julai 2014, na nauli za kadi zina kikomo cha siku, yaani ukikifikia hukatwi zaidi, nacho humsaidia mtu wa zamu mbili, kwa hiyo nauli nimeiachia kadi. Pochi ikiibiwa noti hazirudi, wakati kadi hufungwa kwa simu moja. Baadhi ya benki hukuruhusu kutenganisha fedha katika vifungu ndani ya programu, na ninaye rafiki ambaye vimemfaa. Mimi fedha nilizotenga hivyo nilikuwa nikizirudisha usiku, kitandani, kwa kidole kimoja, na kuzitumia.

Kinachonichoma ni kwamba uamuzi huu unaondolewa mikononi mwetu duka moja baada ya jingine. Ripoti huru ya mwaka 2019 kuhusu upatikanaji wa fedha taslimu ilikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 8 nchini humu, karibu asilimia 17, wangepata shida kuishi bila taslimu. Kanuni zilizoanza Septemba 2024 zinazitaka benki kubwa kuziba mapengo pale ambapo watu hawana mahali pa kutoa au kuweka fedha, na hilo ni jema, lakini hakuna sheria inayomlazimu mwenye duka kuzipokea. Basi nitoe kwa ajili gani? Mwenye duka anaponikatalia noti iliyotoka katika bahasha ya chakula, ananilazimisha niguse kadi yenye kodi ya nyumba ndani yake, na kesho nikitaka kujua nilitumia nini itabidi niiulize tena ile taarifa ya benki.

Jumatatu mchana nilirudi katika duka lile, wakati hakuna foleni, nikaomba kuzungumza na mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu. Akanieleza kwamba tawi la benki lililokuwa mtaa wa pili limefungwa, kwamba kupeleka sarafu sasa ni safari ya nusu saa kwa basi, na kwamba jioni kijana wake alikuwa akiogopa kubaki peke yake na mauzo ya siku. Sikuwa na jibu la hayo, na nilimwambia hivyo. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kibandiko kile akihamishie mlangoni, ili mtu asihesabu sarafu zake mbele ya watu ndipo aambiwe. Alisema atakifikiria.

Leo asubuhi nimepita pale. Bado kiko kaunta, pembeni ya mashine.